Mahakama Tatu: Dini, Jamii na Mamlaka katika Fasihi Teule ya Kiswahili

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili hapa Bujumbura kuna desturi moja iliyokwisha kuota mizizi, nayo ni ile ya kuyapita mashairi ya kale kwa haraka. Mwalimu humtaja Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, humtaja Mwana Kupona binti Mshamu, huandika ubaoni kwamba maudhui ya watunzi hao ni dini, kisha hugeukia riwaya na tamthilia za baada ya uhuru, ambako huamini kwamba ndiko mambo ya jamii na ya utawala yanakoanzia. Sababu za desturi hiyo zafahamika. Katika mji huu, tangu zama ulipoitwa Usumbura, jina la Mswahili limetumika aghalabu kumaanisha Mwislamu wa mjini, mtu wa Buyenzi, mtu wa biashara na safari. Wakati wa utawala wa Kibelgiji darasa lilikuwa la Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kilibaki sokoni, bandarini na madrasani. Na hata baada ya Burundi kuingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili kilikaribishwa shuleni hasa kwa sababu ya ujirani na biashara. Mashairi yake ya kale hayakukaribishwa kwa moyo huo. Mwanafunzi Mkristo huyaona kuwa ni dua za watu wengine, na mwanafunzi Mwislamu huyaona kuwa ni mawaidha aliyokwisha kuyasikia Ijumaa. Wote wawili hufunga kitabu.

Kuna kosa la pili, ambalo lilitoka kwa wasomi wenyewe. Katika miaka ya 1970 baadhi ya wahakiki wa Afrika ya Mashariki, wakishika nadharia ya matabaka, waliutazama utenzi wa kale kama sauti ya umwinyi. Waliona kwamba watunzi wengi walikuwa masharifu, makadhi na jamaa za watawala, wakahitimisha kwamba dini iliyomo ndani ya tungo zao ilikuwa pazia la kufunika unyonyaji. Walikuwa na haki ya kuuliza swali hilo. Lakini walipokwisha kulijibu kwa mkupuo mmoja, mashairi yalifungwa tena, mara hii kwa jina la maendeleo. Ni ajabu kwamba mwalimu mcha Mungu na mhakiki wa matabaka, ambao hawapatani katika jambo lolote, wamepatana katika hili: wote wanaamini kwamba pale Mwenyezi Mungu anapotajwa, habari za mamlaka za duniani zimekwisha.

Makala haya yanadai kinyume chake. Katika fasihi teule ya Kiswahili, dini ndiyo lugha ambayo kwayo watu walizungumza juu ya mamlaka, na tena waliizungumza kwa namna ambazo hazifanani. Nitatazama kazi tatu tu: Al-Inkishafi, Utendi wa Mwana Kupona, na Kusadikika ya Shaaban Robert. Kila moja ina mahakama ndani yake, yaani mahali ambapo mwenye nguvu na asiye na nguvu wanakutanishwa mbele ya hukumu. Tukitaka kujua kazi hizi zinasema nini juu ya utawala, haitoshi kuhesabu ni mara ngapi zimemtaja Mungu. Yatupasa kuuliza mahakama hiyo imekaaje: nani anasimama kudai haki, nani analipa, na juu ya yote, maneno haya anaambiwa nani.

Mahakama ya kwanza: Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na sharifu wa visiwa vya Lamu, katika lahaja ya kaskazini, na ikajulikana zaidi kwa wasomaji wa mbali baada ya William Hichens kuitoa kitabuni mwaka 1939. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonya kwamba dunia ni hadaa, na kwa ushahidi anauonyesha mji wa Pate, ambao ulikuwa umetajirika kwa biashara ya bahari kisha ukaanguka. Vita vya ndani, ushindani na majirani, na hatimaye kushindwa kwa majeshi ya Pate na Mombasa mbele ya watu wa Lamu huko Shela, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, viliuondolea mji huo nguvu zake. Kwa hiyo magofu ambayo mtunzi anayaeleza hayakuwa mfano wa kubuni. Alikuwa mtu wa ukoo uliohusiana na wakubwa wa mahali hapo, na baadhi yao anawataja kwa majina.

Msomaji hukumbuka sana picha mbili zinazokabiliana. Kwanza ni nyumba za matajiri zilizojaa taa za kioo na za shaba, hata usiku ukawa kama mchana. Vyombo teule vya Kichina vimepangwa katika madaka ya ukutani. Vitanda vina matandiko na mito, na marashi yamenyunyizwa. Wenyewe wanatembea kwa kujitikisa, wametanguliwa na kufuatwa na makundi ya watu. Kisha picha inageuzwa. Katika nyumba zile zile sasa mende huvuma na ngende hulia, makinda ya ndege yamelala ndani ya madaka ya vyombo, na bundi anatoa sauti katikati ya nyumba. Walimu wengi huishia hapo, wakasema kwamba dhamira ni kupita kwa dunia. Dhamira hiyo imo, hapana ubishi. Lakini tukiishia hapo, tumeiacha sehemu iliyo kali kuliko zote.

Sehemu hiyo ni ile inayohusu Siku ya Hukumu. Humo mtunzi anamsimamisha mtu aliyedhulumiwa, naye anamwomba Mola ampe haki yake kwa mtu aliyemdhulumu. Dhalimu anatakiwa alipe. Mali yake ya duniani haipokelewi katika mahakama ile. Malipo ni mema aliyoyatenda. Ikiwa hana mema ya kutosha, basi huchukuliwa dhambi za yule aliyemdhulumu, akatwishwa yeye, akaambiwa azibebe. Hesabu hii ni ya mafundisho mashuhuri ya Kiislamu, na mtunzi hakuibuni. Kazi yake ya kisanaa ni mahali alipoiweka: sehemu hii imo katika shairi lile lile lililoonyesha nyumba za mabwana zikiwaka taa. Yule aliyekuwa akitembea na makundi mbele na nyuma sasa anasimama peke yake, na mtu ambaye katika mji wa Pate asingethubutu kumzuia njiani ndiye anayemdai. Na mtu aliyezoea kubebewa kila kitu sasa amebebeshwa mzigo.

Je, hii ni sauti ya umwinyi? Ni kweli kwamba mtunzi hatuonyeshi mikono iliyojenga nyumba zile wala migongo iliyoshusha vyombo majahazini. Utumwa, ambao ulikuwa nguzo ya uchumi wa pwani, hausimami mbele yetu kwa jina lake. Hilo ni pengo, na mwalimu asilifiche. Hata hivyo, yafaa tuangalie maneno haya yanaelekezwa wapi. Mtunzi anausemesha moyo wake, moyo wa mtu wa daraja ya juu, na kwa moyo huo anawasemesha wenzake wa daraja hiyo. Hamwambii aliyedhulumiwa avumilie. Anamwambia mwenye nyumba iliyowaka taa kwamba anadaiwa. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza, nasi tutairudia.

Mwanafunzi wa Kirundi hana sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni. Majina ya watu wa nchi hii yamejaa Imana, yaani Mungu, na mengi yao ni sentensi kamili. Hategekimana maana yake ni kwamba Mungu ndiye atawalaye. Habonimana, kwamba Mungu ndiye aonaye. Philippe Ntahombaye, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya majina ya watu nchini Burundi, alionyesha jinsi jina linavyokuwa ujumbe wa mzazi kwa jirani, kwa adui na kwa walio juu yake. Mzazi aliyemwita mwanawe Hategekimana alikuwa anasali, bila shaka. Lakini kila alipomwita mtoto huyo kwa sauti, na mtu wa chifu anapita karibu, alikuwa pia anasema jambo juu ya nani asiyetawala milele. Mwanafunzi anayefahamu jinsi jina la namna hiyo linavyofanya kazi amekwisha kufika mlangoni pa Al-Inkishafi. Kilichobaki ni mwalimu kumfungulia.

Mahakama ya pili: Utendi wa Mwana Kupona

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, yaani 1275 wa Hijra, akiwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Utendi huu ulichapishwa mwaka 1934 na Alice Werner pamoja na Hichens. Ni wosia wa mama: jinsi ya kumcha Mungu, jinsi ya kukaa na watu, na kwa kirefu, jinsi ya kukaa na mume.

Mpangilio wa mamlaka umewekwa wazi tangu mapema. Mtoto anaambiwa kwamba mwanamke anahitaji radhi tano ili apate raha ya duniani na ya akhera: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ni ya mume, ambayo imetiliwa mkazo kuliko nyingine. Kisha inakuja Siku ya Hukumu. Katika utendi huu, siku ambayo mwanamke atafufuliwa, shauri lake litakuwa mikononi mwa mumewe. Mume ataulizwa anataka nini, na atakalo ndilo litakalotendwa: akitaka mke aende peponi, ataingia, akitaka aende motoni, hana njia ya kuepuka.

Hebu tuziweke mahakama hizi mbili ubavu kwa ubavu. Siku ni moja, dini ni moja, na pwani ni ile ile. Kati ya tungo hizi mbili pana miaka hamsini hivi. Katika Al-Inkishafi asiye na nguvu anasimama mwenyewe, anadai mwenyewe, na mwenye nguvu ndiye anayejibu. Katika Utendi wa Mwana Kupona asiye na nguvu haulizwi neno. Mwenye nguvu wa duniani ameingia na cheo chake ndani ya mahakama ya akhera, akapewa kiti karibu na hakimu. Hapa ndipo tunapoona kwamba kusema utungo ni wa dini ni kusema nusu tu ya habari, kwa maana dini hiyo moja imeweza kumvua mkubwa ukubwa wake katika shairi la kwanza, na kuuthibitisha katika la pili.

Wengine, wakifika hapa, humhukumu Mwana Kupona kwa ukali na kumwacha. Sidhani kwamba hukumu hiyo inatosha. Kuna mambo matatu katika utendi wake yanayotutaka tutue.

La kwanza ni kwamba msemaji ni mwanamke mwenye kalamu. Anamwita binti yake akae karibu na kuleta wino na karatasi, na mwishoni anawataka wanawake wote wausome utendi wake. Katika jamii iliyokabidhi hukumu kwa waume, yeye ameshika mamlaka ya kufundisha, na amejitafutia wasomaji nje ya nyumba yake. La pili ni kwamba mamlaka hayo anayathibitisha kwa ushahidi. Anaeleza jinsi alivyokaa na mumewe bila ugomvi, na jinsi mume huyo alivyomkariria radhi yake wakati wa kufa. Kwa kauli ya utendi wenyewe, Mwana Kupona amekwisha kushinda kesi yake. Anazungumza kama mtu aliyetoka mahakamani na hati mkononi, naye anataka binti yake aipate hati kama hiyo. La tatu ni namna anavyomweleza mume. Anamfundisha binti amtunze kama mtoto mchanga ambaye hajajua kusema, amwangalie kwa kila kitu, amfurahishe, asiikatae amri yake. Mwenye mamlaka yote, aliyepewa hata funguo za pepo, anaonekana chumbani kama mtu asiyeweza kujitunza. Sitadai kwamba mtunzi alikusudia kejeli. Lakini aliyaona yaliyomo ndani ya nyumba kwa macho makavu, na aliyoyaona ameyaandika.

Kumbuka tena kwamba mume mwenyewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu, mji ambao kwa miaka mingi ulikataa kumwinamia Sayyid Said, sultani wa Unguja. Nyumba iliyofundisha utii wa mke kwa mume ilikuwa nyumba ya mtu aliyekataa kumtii mfalme aliyekuwa na nguvu kuliko yeye. Na utii unaofundishwa humo una ngazi nyingine chini yake: binti anaonywa asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwa hiyo mwanamke anayewekwa chini ya mume anawekwa hapo hapo juu ya mtumwa. Mwalimu anayetaka kufundisha maana ya jamii ya matabaka hatapata mfano mfupi na ulio wazi kuliko huu, wala hahitaji kuleta nadharia ya kigeni. Na utumwa, uliokosa jina katika Al-Inkishafi, hapa umetajwa, ingawa ni kwa kufukuzwa tu.

Swali letu la mwisho, la nani anaambiwa, hapa lina jibu tofauti. Al-Inkishafi inamwambia mwenye nguvu. Mwana Kupona anamwambia aliye chini ya nguvu, tena ni mwanawe anayempenda, na anamfundisha jinsi ya kuishi salama katika mahakama ambayo yeye hakuiweka wala hana uwezo wa kuiondoa. Tukiusoma utendi huu kama amri kwa wasichana wa leo, tutakuwa tumeubeba mzigo ambao mama yule aliubeba kwa sababu hakuwa na pengine pa kuutua. Tukiusoma kama ushahidi wa jinsi mamlaka yalivyopangwa, na jinsi mtu mwenye akili alivyojitafutia nafasi ndani yake, utatufundisha mengi.

Mahakama ya tatu: Kusadikika

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alikuwa Mwislamu, tena karani katika serikali ya Kiingereza ya Tanganyika. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya uhuru wa nchi hiyo. Hadithi yote ni kesi. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na wakubwa wa nchi ya Kusadikika, nchi inayoelea angani, kwa kosa la kutaka kufundisha watu elimu ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote za ulimwengu, mbinguni na ardhini pia, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo.

Kwa nini elimu ya sheria iwe hatari kiasi hicho? Jibu tunalipata tukikumbuka mahakama ya Al-Inkishafi. Kule dhalimu anaogopeshwa kwa siku itakayokuja. Mtu mwenye kiburi anaweza kuiahirisha hofu hiyo kesho na keshokutwa, kwa kuwa siku yenyewe haina tarehe. Lakini raia anayejua sheria anaileta hukumu leo, katika baraza hili hili, mbele ya mawaziri hawa hawa. Shaaban Robert amemchukua yule mdai wa akhera, akamsimamisha duniani wakati dhalimu bado yu hai na bado ana walinzi. Ndiyo maana Majivuno anatetemeka kuliko matajiri wa Pate.

Wahakiki wa miaka ya 1970 walimlaumu sana Shaaban Robert kwa wahusika wake, kwamba ni majina ya sifa waliovikwa kanzu. Lawama hiyo ina ukweli, lakini imepita jambo moja. Majina hayo, karama, fadhili, auni, amini, majivuno, ni msamiati wa mawaidha. Kwa karne nyingi maneno hayo yalisikika katika mahubiri na tenzi, yakieleza hali ya nafsi mbele ya Mungu. Hapa yamepewa miguu, yakaingia barazani, moja likashtaki, jingine likajitetea. Dini haikutoweka katika kitabu hiki ambacho hakihubiri. Imehama kutoka moyoni na akhera, ikawa kipimo cha serikali. Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wanaweza wote kukishika kipimo hicho bila kuombana ruhusa.

Hata hivyo, mahakama hii nayo ina upungufu. Mwishoni Karama anaachiliwa, nasi twafurahi. Lakini aliyemwachilia ni yule yule aliyekuwa na uwezo wa kumnyonga. Kiti cha hukumu hakikubadilika, ni moyo wa aliyekikalia uliolainika. Sauti ya raia wa kawaida wa Kusadikika haisikiki sana. Kesi yao inasemwa na mtu mmoja mwenye ufasaha. Yawezekana kwamba karani wa serikali ya kikoloni, akiandika mwaka 1951, hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo bila kitabu chake kuzuiwa. Lakini msomaji wa leo hana budi kuuliza: na kama mfalme hangelainika?

Kwa nini jambo hili latuhusu hapa

Warundi walikuwa na jibu lao la swali hilo, nalo ni ubushingantahe. Mushingantahe alipata jina lake kwa kusimika intahe, fimbo ya haki, na kazi yake ilikuwa kusikiliza, kusuluhisha na kuhukumu mbele ya watu kilimani kwake. Hakuketi peke yake, na hukumu yake ilitegemea heshima aliyokuwa nayo kwa majirani wanaomwona kila siku. Nguvu za chombo hicho zilipungua wakati wa ukoloni na baada yake, na Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaja haja ya kukirejesha. Ndugu mwalimu atakayesoma Kusadikika darasani na awaulize wanafunzi wake kesi ya Karama ingekwendaje mbele ya bashingantahe badala ya mfalme. Awaulize pia kama mwanamke angesikilizwa hapo kwa sauti yake mwenyewe, au kupitia kwa mume, kama katika utendi wa Mwana Kupona. Watagundua kwamba chombo cha kikwao nacho kinaweza kupimwa kwa mizani ile ile.

Lakini liko jambo zito zaidi. Nchi hii iliona mauaji ya mwaka 1972, ikaona tena yaliyoanza mwaka 1993 na vita vilivyofuata. Familia nyingi hazikupata mahakama yoyote. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, miaka arobaini na miwili baada ya 1972. Wakati huo wengi waliotaka kusimama na kudai walikuwa wamekwisha kufa. Katika hali kama hiyo, habari za Siku ya Hukumu si maneno mepesi. Ndani ya darasa moja watakaa wajukuu wa waliouawa, na huenda wakakaa pia wajukuu wa waliohusika. Mwalimu akisoma juu ya aliyedhulumiwa anayesimama mbele ya Mola, kila mmoja atasikia kitu chake.

Hapa ndipo kosa la kusoma linapokuwa kosa la maisha. Ni rahisi mno kulichukua shairi kama Al-Inkishafi na kumgeuzia aliyeumizwa, ukamwambia: nyamaza, Mungu atalipa. Maneno hayo yamesemwa mara nyingi katika nchi hizi zetu, makanisani na misikitini, na mara nyingine yalisemwa kwa nia njema. Lakini shairi halisemi hivyo. Maneno yake yalielekezwa kwa mtu mwenye taa na marashi, yakamtaka ajihesabu kabla hajahesabiwa. Anayeyachukua na kuyaelekeza kwa maskini amebadilisha anayeambiwa, na kwa kubadilisha hivyo amebadilisha maana yote, ingawa hakugusa hata neno moja. Hali kadhalika, anayechukua wosia wa Mwana Kupona na kuusoma kwa sauti ya mume amemnyang'anya mama yule kalamu aliyoitisha mwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza kwa wenzangu utaratibu mwepesi. Lahaja ya kaskazini isitutie hofu: mwalimu na aeleze kwanza kisa na picha za utungo kwa Kiswahili cha kawaida, kisha wanafunzi wausikie utungo wenyewe ukisomwa kwa mahadhi, na hapa vijana waliopita madrasani watakuwa msaada mkubwa kwa wenzao. Baada ya hapo wapewe maswali yale matatu: nani anasimama kudai, nani analipa, nani anaambiwa. Wafanye hivyo kwa Al-Inkishafi, kwa Mwana Kupona, na kwa Kusadikika, katika muhula mmoja, ili tofauti zionekane. Mwalimu asilazimike kusema dini ipi ni ya kweli, wala asijifanye kwamba dini haimo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila utungo unasomwa ukielekea upande ambao mtunzi aliuelekeza.

Tukifanya hivyo, Kiswahili kitaacha kuwa katika shule zetu lugha ya kuombea mizigo forodhani tu. Kitakuwa pia lugha ambayo mtoto wa Kamenge, wa Ngagara au wa Buyenzi anaweza kuitumia kuuliza, kwa adabu na bila woga, kwamba huyu aliyeketi juu ya kiti anadaiwa nini na nani.